Kabla ya kuomba shilingi, omba kwanza ujuzi

Msomaji mpenzi, ni lini mara ya mwisho rununu yako ilipolia, ukaitazama na kujipata ndani ya kundi la mchango ambalo hukuomba kuingizwa?

Bila shaka si zamani. Huenda ni wiki hii. Pengine ni bili ya hospitali ya jirani, karo ya mtoto aliyeitwa chuoni, matanga ya mtu wa ukoo au paa la kanisa. Kabla hujauliza ni nani aliyekuweka humo, orodha imeanza kupita: fulani 500, fulani 200, fulani "ahadi".

Kisha nawe unafanya lile ambalo wengi wetu hufanya. Ikiwa mfukoni mna kitu, unatuma. Ikiwa hamna, unanyamaza ukijifanya hujaona, na pakipambazuka unatoka kimyakimya usiku wa pili. Baadaye mtu akikuuliza unasema rununu iliharibika.

Leo nataka tuzungumze kuhusu huyo anayenyamaza. Kwa maoni yangu, mara nyingi yeye ndiye aliye na kitu ambacho kundi lilihitaji zaidi ya shilingi 500. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwomba kitu hicho.

Hebu nikusimulie kisa kilichonifungua macho.

Mwaka uliopita, upepo wa msimu wa masika uling'oa paa la darasa la chekechea katika kijiji alikoolewa shangazi yangu, magharibi mwa nchi. Bahati nzuri ilikuwa usiku na hakuna mtoto aliyeumia. Kamati ikaundwa chini ya mti, na kwa kuwa shangazi ni mtu anayeaminika na hajawahi kudaiwa hata shilingi ya chama, akapewa kazi ya mweka hazina.

Siku iyo hiyo kundi la WhatsApp likafunguliwa. Mimi niliingizwa na shangazi mwenyewe. Tulikuwa watu 186: waliobaki kijijini, walioko Nairobi, Mombasa na Nakuru, na wengine wanaofanya kazi nchi za Ghuba na Marekani. Mwenyekiti akatangaza kwamba shilingi 600,000 zilihitajika. Nambari ya rununu ya shangazi ikabandikwa, na michango ikaanza.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ikawa ya ahadi. Ya tatu ikawa ya picha za maua na salamu za asubuhi njema. Jumla iliyokuwa imeorodheshwa ni shilingi 71,350.

Ndipo mtu mmoja akamwomba shangazi aeleze amebaki na kiasi gani. Mama wa watu akajibu kwa moyo safi: "Niko na 60,900."

Loo! Kundi likawaka moto. Shilingi 10,450 ziko wapi? Mmoja akaandika kwamba zimeliwa. Mwingine akaweka picha ya mdomo unaotafuna. Watu ambao hawakuwa wametoa hata senti wakawa ndio wa kwanza kudai hesabu, na kufikia jioni jina la shangazi yangu lilikuwa limefika Doha.

Alinipigia simu usiku huo. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu," akasema, "mimi sina mali ya kuachia wajukuu. Nina jina tu. Wakiniita mwizi leo, nitazikwa mwizi."

Nikamwambia, "Shangazi, hebu tulia kwanza. Kesho tutazungumza." Lakini nikiwa mkweli, sikujua la kufanya. Kazi yangu ni kuandika na hesabu si yangu.

Asubuhi nikawa na wazo dogo. Niliandika kwenye kundi: "Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, shikamooni. Leo siombi pesa. Je, humu ndani kuna mtu anayejua kazi ya uhasibu ambaye anaweza kutupa saa mbili zake?"

Dakika kumi hazikupita. Mama mmoja anayeishi Mombasa, karani wa benki aliyestaafu, akajibu. Alikuwa miongoni mwa wale wanaonyamaza. Baadaye aliniambia kwamba tangu astaafu aliona haya kutuma shilingi 100 wakati wengine walikuwa wakituma elfu mbili, kwa hivyo akaamua kukaa kimya kabisa.

Alimwomba shangazi mambo matatu tu: taarifa ya M-Pesa ya miezi miwili, daftari la waliotoa pesa mkononi, na kila kipande cha karatasi alichopewa dukani. Hakumwomba nambari ya siri. Hakuomba kushika hata shilingi. Kijana mmoja wa pale kijijini akapiga picha karatasi hizo na kuzituma.

Kwa jioni mbili hesabu ikawa tayari. Zilizopitia kwenye simu ni 58,900. Zilizotolewa mkononi ni 12,450. Jumla ni 71,350, sawasawa na orodha. Shangazi alikuwa amenunua maturubai ya kuwakinga watoto kwa 8,500 na kulipa gari la kuyaleta 4,200. Hiyo ni 12,700, na risiti zilikuwamo ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.

Sasa toa mwenyewe, msomaji. Ukiondoa 12,700 kwenye 71,350 zinabaki 58,650. Lakini shangazi alikuwa na 60,900. Alikuwa na shilingi 2,250 zaidi ya zilizotakiwa!

Zilikuwa pesa zake za maziwa. Zilikuwa zimechanganyika na za mchango kwa sababu zote zilikuwa zikiingia kwenye simu moja. "Mwizi" wa kijiji alikuwa karibu awape watoto wa watu pesa zake bila yeye mwenyewe kujua.

Yule mama wa Mombasa akaiweka hesabu kwenye kundi, ukurasa mmoja tu, kila kitu mahali pake. Kimya kikatanda. Kisha mwenyekiti, mzee mwenye mvi, akaandika: "Mama, tunaomba radhi." Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Kisa kingeishia hapo, ningeshukuru Mungu nikanyamaza. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Kijana mmoja wa Nairobi, mkadiriaji wa gharama za ujenzi, akajitokeza. "Samahani wazee," akaandika, "hizi laki sita zilipatikana vipi?"

Ikabainika kwamba zilitoka kwenye karatasi moja ya fundi mmoja. Hakuna aliyeuliza mwingine. Kijana akaomba vipimo vya chumba na nakala ya karatasi ile. Chumba kilikuwa cha mita nane kwa sita. Karatasi ilikuwa imeandikwa mabati 90. Alipopiga hesabu pamoja na sehemu za kupishana na za kuning'inia nje ya ukuta, akapata kwamba 48 yanatosha.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa picha haiwezi kuonyesha kama ukuta umelegea, alitafuta mhandisi anayeishi mji wa karibu, ambaye alikwenda Jumamosi moja akaukagua kwa macho na mikono yake. Ukuta ulikuwa mzima. Haukuhitaji kubomolewa kama karatasi ilivyodai. Makisio mapya yakawa shilingi 338,000.

Tazama jambo hili vizuri. Watu 186 walikuwa wamejikamua wiki tatu kupata 71,350. Watu wawili, kwa ujuzi wao, walipunguza mzigo kwa shilingi 262,000. Ni nani basi aliyetoa mchango mkubwa zaidi?

Na afisa mmoja mstaafu wa elimu akatukumbusha jambo ambalo wote tulilisahau: chini ya Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Akaandika barua rasmi kwa niaba ya kamati. Kaunti haikutoa pesa, lakini ilimtuma afisa wa ujenzi akakagua na kuidhinisha kazi, ili paa lisije likajengwa na kisha likakataliwa.

Baada ya hesabu kuwekwa wazi, watu walifungua tena mifuko. Mtu hutoa kwa urahisi anapojua bati lake litakaa wapi. Paa limekwisha, na watoto wamo ndani.

Naam, huenda unasema haya ni mambo mapya ya mitandao. La, msomaji. Ni ya zamani kuliko sote.

Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi hawakuja na bahasha peke yake. Walikuja na majembe, mawe, mchanga na maji mgongoni. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu wakawa na ngwatio, na Wajaluo wakawa na saga. Aliyejua kuchonga mbao alichonga, aliyejua kuezeka aliezeka, na asiyejua lolote alibeba maji. Shule nyingi za harambee zilisimama hivyo.

Baadaye tuliigeuza harambee ikawa mashindano ya pochi. Mgeni wa heshima, kipaza sauti, mabunda ya noti, na maskini akaketi nyuma akiona aibu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilikuja kuwawekea mipaka wakubwa katika michango hiyo, lakini mawazo yetu hayakubadilika. Bado tunadhani kuchanga ni kutoa noti.

M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, ilirahisisha sana kutuma shilingi. Mwaka 2011 njaa ilipowavamia wenzetu wa Turkana na kwingineko kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliwawezesha wananchi kuchanga hata shilingi 10 kwa simu, na lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Lilikuwa jambo la fahari.

Lakini kuna fahari nyingine tusiyoizungumzia sana. Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka kufuatia uchaguzi, Wakenya wachache na marafiki zao waliojua kazi ya kompyuta walikutana kupitia mtandao, na kwa siku chache wakatengeneza Ushahidi, ramani iliyopokea habari za ghasia kutoka kwa wananchi. Hawakukusanya pesa kwanza. Walikusanya ujuzi.

Mwaka 2010, tetemeko lilipoiangusha Haiti, programu hiyo hiyo ilitumika huko. Wahaiti waliokuwa ng'ambo walijitolea kutafsiri arafa za walionaswa na waliohitaji msaada, ili waokoaji wasiojua lugha yao wapate kuelewa. Mtu aliketi nyumbani kwake Marekani, na lugha aliyonyonya kwa mama yake ikawa msaada.

Umoja wa Mataifa nao tangu mwaka 2000 umekuwa na huduma ya wafanyakazi wa kujitolea kupitia mtandao. Shirika la kiraia linaweza kueleza kazi linayohitaji, iwe ni tafsiri, uchoraji wa nembo au kuandika maombi ya ufadhili, na mjuzi wa nchi nyingine akaifanya bila malipo.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa wiki hii utaundiwa kamati, au wewe mwenyewe utaiunda, nakusihi ufuate haya.

Kwanza, kabla ya kutaja kiasi cha pesa, andika orodha ya kazi. Usiseme "tunahitaji msaada". Sema "tunahitaji mtu wa kukagua makisio ya paa, saa tatu, kabla ya Ijumaa". Mtu akijua kazi ni ndogo na ina mwisho, atakubali. Asipojua mwisho wake, atakimbia.

Pili, tafuta mahali penye watu wenu. Kundi la ukoo, la waliosoma pamoja, la kanisa au msikiti, la wanakijiji wanaoishi mjini. Uliza waziwazi: nani humu ni muuguzi? Nani ni mwanasheria? Nani huandika vizuri? Utashangaa. Miaka mingi unamjua mtu kama "baba Njeri", kumbe ni mhandisi.

Tatu, mhakikishe anayejitolea. Wema hauzuii kuuliza. Mhandisi huandikishwa na Bodi ya Wahandisi, mhasibu aliyehitimu huwa mwanachama wa ICPAK, wakili yuko katika Chama cha Mawakili. Asiye na bodi, watafute watu wawili wanaomfahamu. Nasema hivi kwa sababu katika kundi letu alizuka mmoja aliyedai ana mfadhili wa ng'ambo, lakini eti tutume kwanza shilingi 5,000 za "kufungua faili". Yule mama wa Mombasa alimuuliza maswali mawili tu, naye akatoweka.

Nne, tenganisha ujuzi na pesa. Anayekagua hesabu asiishike hazina, na anayeishika hazina asiikague. Mtu yeyote akiomba nambari yako ya siri, huyo si mjuzi, ni tapeli. Na michango isiingie kwenye simu ya mtu binafsi. Shangazi yangu alikuwa mwaminifu, lakini uaminifu wake haukumkinga hadi hesabu ilipofanywa. Sasa kamati ina akaunti yake, na watu watatu hutia sahihi.

Tano, ikiwa ni mgonjwa, linda heshima yake. Usisambaze picha yake akiwa kitandani, wala karatasi zake za hospitali, bila ridhaa yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa za siri sana. Badala yake tafuta mtu aliyefanya kazi ya hospitali, aisome bili pamoja na familia: je, kuna kilichoandikwa mara mbili? Je, malipo ya bima ya SHA yameondolewa? Maswali hayo mawili huenda yakapunguza bili kuliko mchango wa wiki nzima.

Sita, jiandae kuvunjwa moyo kidogo. Si kila anayejitolea hutimiza. Kwetu kuna aliyeahidi kutuchorea bango zuri la mchango, na hadi leo hatujaliona. Hatukumtukana. Tulimpa mwingine kazi hiyo, naye akaimaliza kwa usiku mmoja.

Saba, shukuru. Mnapotangaza waliotoa pesa, watangazeni na waliotoa saa zao. Katika orodha yetu ya mwisho, mwenyekiti aliandika jina la mama wa Mombasa juu kabisa na mbele yake akaweka: "Jioni mbili." Hakuna aliyepinga.

Nataka pia kusema na wewe unayenyamaza. Huenda huna kazi sasa, au mshahara umekwisha tarehe kumi. Usitoke kwenye kundi kwa aibu. Andika: "Sina shilingi wiki hii, lakini najua kupiga chapa", au "najua kushona", "nina pikipiki", "najua lugha ya ishara". Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na kwenu mlio ng'ambo, tunajua mmechoka kuombwa. Kila simu kutoka nyumbani ni mkono ulionyooshwa. Lakini mwaonaje mtu wa nyumbani akikupigia akisema, "Dada, hatutaki pesa zako, tunataka akili yako kwa saa moja"? Mmoja wetu aliye Doha, ambaye ni fundi wa umeme, alisema huo ndio ujumbe wa kwanza katika miaka sita uliomfanya ajione bado ni mwanakijiji, wala si benki tu.

Mwezi uliopita nilimtembelea shangazi. Alinipeleka kuliona darasa. Mvua ilianza kunyesha tukiwa mlangoni, na mabati 48 yakaanza kuimba juu yetu. Watoto hawakuinua hata vichwa.

Shangazi bado ni mweka hazina. Ana daftari jipya lenye mistari, na kila Jumapili jioni yule mama wa Mombasa humpigia simu wakasoma hesabu pamoja. Hawajawahi kuonana ana kwa ana. Huitana dada.

Nilimuuliza kama hakutaka kuiacha kazi ile baada ya yaliyompata. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la kipuuzi.

"Niache kwa nini, mwanangu?" akasema. "Sasa najua kuhesabu."